Kukaa na Nyumbani: Uhakiki wa Amri ya Korona kwa Vijana Wahamiaji wa Nairobi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na kwa kiasi kidogo zaidi fasihi simulizi. Ni nadra tangazo la serikali kupewa nafasi katika kazi hiyo, kana kwamba ni mfereji tu wa kupitishia habari, usio na fani wala msemaji. Hata hivyo tangazo ni utungo. Lina anayesema na anayeambiwa, na ndani yake mna taswira ya huyo anayeambiwa, ambayo mtungaji ameichora kabla hajafungua kinywa. Makala haya yanachunguza utungo mmoja mfupi mno, wa maneno mawili, ambao tangu Machi 2020 ulirudiwa redioni, kwenye runinga na vinywani mwa wakubwa wa Nairobi: "Kaa nyumbani."

Maneno hayo mawili ni mepesi, na kila moja hufundishwa mapema darasani. Lakini yalipounganishwa na kuelekezwa kwa kijana aliyekuja Nairobi kutafuta kazi, yalitoa sentensi ambayo katika Kiswahili chake haikuwa na maana, au ilikuwa na maana iliyo kinyume cha ile iliyokusudiwa. Si haki kuutupia ujinga wa kijana lawama ya kutoelewana huko. Chanzo chake kimo katika historia ya jiji lenyewe, na sehemu ndogo, isiyopaswa kufichwa, imo katika fasihi na katika namna ilivyosomwa shuleni.

Yafaa kuanza na kitenzi. Katika Kiswahili cha Nairobi, mtu akiulizwa "Unakaa wapi?" hujibu Mukuru, Kayole, Kawangware au Mathare. Akiulizwa "Kwenu ni wapi?" hujibu Siaya, Kitui, Vihiga au Nyeri. Ni maswali mawili yenye majibu mawili, na hakuna mwenyeji wa jiji anayeyachanganya. Hata kijana aliyezaliwa Pumwani na kulelewa Pumwani hutarajiwa kutaja kijiji cha babu yake pindi aulizwapo la pili, na akisema kwao ni Pumwani huonekana anaficha jambo. Kitenzi "kukaa", basi, ni kitenzi cha mjini. Kinabeba maana ya muda: mtu anakaa mahali kama abiria anavyokaa kwenye kiti. Kuna na maana ya tatu, ambayo watungaji wa tangazo hawakuikumbuka. "Siku hizi nimekaa tu" ni sentensi ya mtu asiye na kazi. Kwa mintarafu hiyo, kumwambia kijana "kaa" ni kumwamrisha awe kile anachokikimbia.

Nomino nayo imekwenda upande wa pili. "Nyumbani", kwa mhamiaji, ni kule. Fedha hutumwa nyumbani. Desemba watu huenda nyumbani. Maiti husafirishwa nyumbani kwa mazishi. Chumba cha kupanga hakiitwi hivyo. Huitwa "nyumba" bila kiambishi cha mahali, au "keja", neno la Sheng linalosemekana kuzaliwa na neno la Kiingereza lenye maana ya kizimba au tundu. Wanaolaani Sheng wangefaa kulitazama neno hilo kwa makini kabla ya kulifuta, kwa maana limepima upana wa chumba kuliko tangazo lolote.

Mwanasarufi atauliza kuhusu ngeli ya mahali. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alibainisha kwamba pa- huonyesha mahali mahususi, ku- mahali pa jumla pasipo mpaka dhahiri, na mu- ndani ya kitu. Mtu aweza kusema nyumbani pangu, nyumbani kwangu na nyumbani mwangu, na asirudie jambo moja mara tatu. Amri ya korona ilikusudia mu-: baki ndani, mlango umefungwa. Lakini sentensi ya kuamuru haimlazimu msemaji kuteua. "Kaa nyumbani" inasimama bila kiwakilishi cha umilikaji, na ngeli inabaki imefichika. Msikilizaji ndiye huijaza. Na msikilizaji wa Nairobi, ambaye Kiswahili chake cha bara kimekwisha kuziachia pa- na mu- na kuitumia ku- karibu kila mahali, aliijaza kwa ile anayoijua. Alisikia "kwetu".

Sasa itazamwe hali aliyokuwamo msikilizaji huyo. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 4,397,073 jijini Nairobi. Sehemu kubwa yao huishi katika vyumba vya kupanga vya futi 10 kwa 10 au kuzidi hapo kidogo, vilivyopangwa kwenye ploti moja, choo kimoja kwa milango mingi, maji ya kununuliwa kwa mtungi. Vijana wawili, watatu au wanne hushirikiana chumba ili kodi igawike. Mara nyingi hawalali wote kwa wakati mmoja, kwani mmoja ni mlinzi wa usiku na mwingine hutoka alfajiri. Chumba kama hicho kimepangwa kwa kudhani kwamba mchana hakina watu. Ni mahali pa kulala, kupikia na kuwekea sanduku. Maisha yenyewe hufanyika nje: kwenye kibaraza, kwenye kibanda cha chai, kando ya barabara, kwenye lango la kiwanda. Amri ya kukaa ndani iliwataka watu wanne wakae kwa wakati mmoja mahali ambapo hawajawahi kuwa wote wanne wakiwa macho.

Neno "kibarua" lina habari yake hapa. Ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mfanyakazi wa siku ili ahesabiwe. Karatasi imekwisha kutoweka, siku imebaki. Kijana wa Mukuru hufika kwenye malango ya Eneo la Viwanda kabla ya jua, husimama na wenzake, na msimamizi hutoka akachagua idadi anayoitaka. Asiyechaguliwa hurudi akiwa amepoteza siku. Amri ya kutotoka nje, iliyoanza 27 Machi 2020, ilizuia mwendo kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 yaliamriwa kubeba 8, na nauli zikapanda. Aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Kibera hadi viwandani ilimbidi ajipime kati ya saa ya kufungua barabara na saa ya kufungua lango. Redio nyingi zilisema "amri ya kutotoka nje"; mitaani ilisemwa "kafyu", na kwa haki, kwa kuwa watu hawa hawakuwa wakitoka nje. Walikuwa wakirudi, na matatu zimejaa, na saa moja imefika wakiwa njiani.

Kodi nayo ilihitajiwa kwa tarehe yake. Anayeidai huitwa "mwenye nyumba", na hapo pana kejeli ambayo haikuhitaji mtunzi: mwenye nyumba haishi ndani yake, na anayeishi ndani yake si mwenye nyumba. Katika miezi ile zilisikika habari za milango na mabati yaliyong'olewa ili kumtoa mpangaji aliyeshindwa kulipa. Mapema Mei 2020 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi, wakati amri ya kukaa nyumbani ingali ikitangazwa kila jioni. Msemaji aliyeendelea kurudia sentensi ile baada ya hapo alikuwa, kwa lugha ya uhakiki, msemaji asiyemwona msikilizaji wake.

Iko maana ya pili iliyotajwa hapo juu, ile ya ku-. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa, kazi nyingi zikasimama, na baadhi ya wahamiaji wakafanya lililo wazi kwao: wakaenda nyumbani. Serikali ikawasihi wasiende, wasije wakawaambukiza wazee. Na 6 Aprili 2020 mipaka ya eneo la jiji la Nairobi ikafungwa, isifunguliwe hadi Julai. Kwa hiyo watu walewale walioambiwa wakae nyumbani walikamatwa wakijaribu kwenda nyumbani. Walipita njia za panya, wakaitwa wakaidi. Mnamo Aprili iliripotiwa hata habari ya kundi lililosafiri kutoka Nairobi hadi Homa Bay na jeneza, na jeneza lilipofunguliwa likawa tupu. Habari hiyo ilichekesha wengi na kukasirisha wengi zaidi, na hatari yake kwa afya ya wengine haikuwa ya kubuni. Lakini mhakiki anayejua lugha ya matangazo ya vifo haiwezi kumpita hivihivi. "Mwili utasafirishwa nyumbani" ndiyo sentensi pekee ya mwendo kuelekea nyumbani iliyobaki halali kwa urahisi wakati ule. Wasafiri wale waliingia ndani ya sentensi hiyo kwa kuwa nyingine zote zilikuwa zimefungwa.

Mgawanyo huu wa kukaa huku na kuwa na nyumbani kule haukuletwa na vijana, wala si desturi ya kale. Una tarehe. Mwaka 1902, Nairobi ikiwa changa bado, tauni iliingia, na soko la Wahindi likachomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza usafi wa miji ya Afrika ya Mashariki, akapendekeza makazi yatengwe kwa rangi. Ugonjwa ukawa hoja ya ramani. Sheria ya kipande ya 1915, iliyotekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtambua Mwafrika mjini kama mkono wa kazi tu, ambao kazi ikiisha hurudi ulikotoka. Makazi ya wafanyakazi yalijengwa kwa kumdhania mwanamume aliye peke yake, mwenye kitanda na si familia. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni mtoto wa dhana hiyo. Dola ya kikoloni ilikuwa na haja ya kumsadikisha mfanyakazi kwamba mjini hakuna kwao, kwani mtu asiye na kwao hadai maji, shule wala pensheni.

Na hapa Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa kupinga. Neno "mji" ni la asili ya Kibantu, ndugu wa neno la Kizulu *umuzi*, lenye maana ya boma la familia. Na kwa sura na maana halionekani kuwa mbali na *mũciĩ* la Kigĩkũyũ na *mũsyĩ* la Kikamba, ambayo maana yake ni nyumbani hasa. Kwa Mswahili wa pwani mji haukuwa kinyume cha nyumbani. Ulikuwa ndio nyumbani. "Mwenyeji" ni mwenye mji. Mtu wa Lamu hujitambulisha kwa mtaa wake, Mkomani au Langoni, na mtaa humjua, humzika, humchangia. Kijana wa Kitui anayesema *mũsyĩ* akimaanisha nyumbani na "mjini" akimaanisha ugenini huenda anatumia shina moja kwa maana mbili zinazogombana, na katikati yake pamepita reli, kipande na lango la kiwanda.

Fasihi ilifanya nini na urithi huo? Aghalabu iliupokea. Kizazi cha kwanza cha waandishi baada ya uhuru kilimchora kijana anayekuja mjini kwa kalamu mbili. Ya kwanza ni ya huruma, na mfano wake ulio bora, ijapokuwa kwa Kiingereza, ni Meja Mwangi. Katika *Kill Me Quick* (1973) vijana wawili wenye vyeti vya shule wanaishi vichochoroni, na mmoja wao anapoelekea kwao anarudi bila ya kuwakabili wazazi. Katika *Going Down River Road* (1976) kibanda cha Ocholla kinachomwa na askari wa Baraza la Jiji na kujengwa tena, kisha wake zake wanawasili kutoka mashambani pamoja na watoto. Tukio hilo linapaswa kusomwa upya baada ya 2020. Mwangi aliona kwamba mpaka kati ya huku na kule hauzuii kitu: nyumbani kunaweza kupanda basi kukaja mjini, na chumba kikawa kidogo zaidi.

Kalamu ya pili ni ya maonyo. Katika hadithi nyingi zilizosomwa shuleni, kijana huondoka kijijini akiwa safi, mji humharibu, na ugonjwa huwa hati ya mashtaka. *Kichwamaji* ya Kezilahabi (1974) ni kazi kubwa mno kufungiwa katika kundi hilo, kwa maana inaihoji dunia nzima. Lakini hata humo ugonjwa hupita kutoka kwa vijana wasomi hadi kwa mtoto asiye na hatia, na wanafunzi wengi wamefundishwa kuusoma kama adhabu tu. Ulipozuka UKIMWI mtindo huo ulipata malisho mapya. *Chira* ya Marjorie Oludhe Macgoye (1997) na *Ua la Faraja* ya William Mkufya (2004) ziliukataa kila moja kwa njia yake: ya kwanza iliyachukua maneno ya Kijaluo kuhusu mwiko na kudhoofika ikayaleta kwenye vyumba vya Nairobi, ya pili ikampa mgonjwa wa Dar es Salaam heshima ya kufikiri. Lakini hadithi ya darasani, ile ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, ilibaki na fomula yake: mji, anasa, maradhi, majuto.

Korona ilipofika fomula ilikuwa imekwisha kuwekwa tayari, na ilihitaji kubadilishwa jina la ugonjwa tu. Kijana wa mjini akawa tena mleta maradhi kwa bibi yake. Mashairi mengi yaliyoandikwa kwa haraka katika miezi ile yalimwita ugonjwa mgeni, adui, jeuri, na yakamwita kijana asiyetulia mkaidi asiyesikia la mkuu. Vina vilikaa sawa, mizani ikatimia. Ni vigumu, hata hivyo, kukuta katika tungo hizo beti zinazouliza yule asiyetulia alikuwa anakwenda kutafuta nini saa kumi na moja alfajiri. Wahakiki na walimu hawawezi kujitoa katika hesabu hii, kwani ndio waliosahihisha mitihani.

Itasemwa kwamba haya ni madai ya watu wa vitabu. Kwamba katika dharura hakuna nafasi ya kupima ngeli, na kwamba kila mtu alielewa kwa muktadha. Kwamba kila mtu alielewa ni kweli kwa nusu tu. Alielewa kinachotakiwa, hakuelewa namna ya kukifanya, na tangazo halikumwambia. Ama kuhusu haraka, lugha ilionyesha katika mwaka huohuo kwamba yaweza kwenda mbio na isijikwae. "Barakoa", jina la kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa pwani na Unguja, lilitolewa sandukuni na kupewa kazi mpya, na kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limezoeleka katika taarifa za habari, ijapokuwa sokoni watu waliendelea kusema "maski". Vilevile serikali ilipotaka kuwaajiri vijana wa vitongoji kuzibua mitaro na kufyeka majani, haikuuita mpango huo kazi ya nyumbani. Iliuita Kazi Mtaani. Kumbe neno lilikuwapo. Lilipohitajika kuwaita vijana wafanye kazi lilipatikana mara moja. Lilipohitajika kuwalinda halikukumbukwa. Laiti amri ingeelekezwa kwa mtaa, yaani kwa ploti na kwa bomba la maji, ingalau ingekuwa imetaja mahali wanapokaa. Kiswahili kilikuwa na sentensi fupi ya kutosha, "Kaeni mnamokaa", yenye ile mu- iliyokusudiwa na isiyohitaji nomino yoyote. Hata hiyo isingelipa kodi, lakini isingewapeleka watu kwenye njia za panya.

Kuna waliobaki nje ya maswali yote mawili. Tarehe 6 Mei 2020 Eastleigh ilifungwa, pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, na ndani ya mtaa ule wamo vijana wa Kisomali na wa Kiethiopia ambao swali la "Kwenu ni wapi?" huwapeleka ng'ambo ya mpaka. Kwao "kaa" na "nyumbani" vilitenganishwa na vita kabla ya korona.

Na wapo wasichana walioajiriwa katika nyumba za wengine, ambao Kiswahili rasmi huwaita watumishi wa nyumbani. Hao ni wahamiaji kama ndugu zao wa viwandani, wengi wao wametoka mashambani wakiwa hawajatimiza miaka ishirini. Mwaka 2020 baadhi ya waajiri waliwaachisha kazi siku za kwanza, kwa kuhofia maambukizi au kwa kukosa mshahara wa kuwalipa. Wengine waliwapa hiari moja: wabaki ndani bila siku ya mapumziko hadi mambo yatulie, au waondoke wasirudi. Waliobaki walikaa ndani majuma kwa majuma, wakapika, wakafua, wakalea watoto waliokuwa wamefungiwa shule, wala hawakuvuka lango. Katika wahamiaji wote wa jiji, hao ndio walioitii amri neno kwa neno. Msichana wa kazi hiyo akiulizwa anafanya kazi wapi hasemi nyumbani. Husema, "Nafanya kwa watu."